Cheti cha ndoa cha babu kinapogoma kueleweka

Anayefuatilia ukoo wake Afrika Mashariki hukutana mapema na karatasi ya namna hii: cheti cha ndoa cha miaka ya 1910 au 1940, kimekunjwa mara nne, na karibu kila kilichoandikwa humo kinapingana na anachokijua shangazi. Jina si lile, mwaka si ule, baba wa bibi harusi hatajwi. Wengi hapo huamua kwamba ama shangazi kasahau au karani alikuwa mzembe. Mara nyingi wote wawili wako sahihi. Karani alijibu maswali ya fomu yake, padre alifuata kanuni za kanisa lake, kadhi alitaja yale tu ambayo ndoa ya Kiislamu haisihi bila hayo. Hakuna aliyekuwa akiwaandikia wajukuu. Kwa hiyo kabla hujasahihisha chochote, uliza: nani alijaza sehemu hii, na habari alizipata kwa nani?

Nakala mbili za ndoa moja hazilingani

Anzia hapa hata kama una nakala moja tu. Cheti kilichopigwa taipu, chenye muhuri wa juzi, ni dondoo. Mtu amefungua daftari la zamani, amesoma mwandiko alioweza kuusoma, akaacha asioweza. Maneno ya pambizoni hayakuhamishwa, yaliyokatwa kwa wino hayaonekani, na "Mwanaidi" huenda alikuwa "Mwanahidi" au "Mwanaisha". Omba picha ya ukurasa mzima wa daftari, pamoja na ukurasa wa kabla yake na wa baada yake. Ofisi nyingine hukataa na hutoa dondoo tu. Parokia nyingi hukubali ukienda kwa upole na ukieleza unachotafuta.

Kisha angalia kichwa cha fomu, maana ndicho kinachokuambia uliza nini na usitarajie nini. Kwa Kenya, cheti cha Wakristo Waafrika cha enzi za mkoloni kilitolewa kwa sheria ya 1904, halafu ile ya 1931 ambayo baadaye ilijulikana kama Cap. 151 (yaani sura ya 151 ya sheria za Kenya), ndoa ya kiserikali ilikuwa Cap. 150, na uandikishaji wa ndoa za Kiislamu ulikuwa na sheria yake tangu 1906. Tanzania Bara iliziweka ndoa zote chini ya sheria moja kuanzia Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Kabla ya hapo kila dini ilikuwa na karatasi zake, na kila karatasi ilikuwa na upofu wake.

Watoto wamezaliwa kabla ya ndoa

Hii ndiyo inayowatia watu aibu kuliko zote, na ndiyo yenye maelezo mengi. Cheti kinasema ndoa ilifungwa 1938. Baba mkubwa alizaliwa 1926. Usikimbilie kusema alizaliwa nje ya ndoa.

Chanzo cha kawaida ni kwamba unachokisoma ni ndoa ya pili ya watu walewale. Walioana kimila, mahari yakatolewa, ng'ombe wakahama zizi, wakazaa. Miaka kumi baadaye wakabatizwa, na kanisa likaandika ndoa siku ileile ya ubatizo au wiki chache mbele. Jaribio lake ni jepesi: tafuta tarehe ya ubatizo wa wote wawili. Ikiwa inakaribiana na ya ndoa, na watoto wao wakubwa wamebatizwa majira hayohayo, basi hiyo ni ndoa iliyobarikiwa, na ile ya mwanzo itafute kwa wazee, si kwenye daftari. Kenya nako sheria iliwaruhusu waliooana kimila kufunga ndoa ya Kikristo na mwenzi yuleyule, na ndoa za kimila zenyewe hazikuwa na utaratibu wa kuandikishwa serikalini mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014.

Chanzo cha pili ni wake wengi. Mwanamume mwenye wake watatu akitaka ubatizo alitakiwa abaki na mmoja. Kwa Wakatoliki, ruhusa ya Papa Pius V ya mwaka 1571 ilimwezesha kubaki na mke atakayebatizwa pamoja naye, hata kama si wa kwanza. Kwa maneno mengine, bibi aliyeandikwa kwenye cheti huenda ni mke mdogo, na bibi yako mwenyewe, mama wa baba yako, hayumo kabisa. Mtafute kwenye daftari la ubatizo la parokia hiyohiyo, safu ya mama wa mtoto. Ukikuta maneno *privilegium paulinum* kwenye ndoa, ujue mmoja wao alikuwa na ndoa ya awali na mtu ambaye hakubatizwa, na ndoa hiyo ilivunjwa kwa kanuni ya kanisa. Huyo mtu wa awali alikuwa na jina, na pengine ana wajukuu wanaowatafuta ninyi.

Madhehebu mengi ya Kiprotestanti yalikataa kumbatiza mwenye wake wengi. Mzee wa namna hiyo huonekana kwenye daftari uzeeni, amebaki na mke mmoja kwa kufiwa au kuachana, na cheti kinamwita "Bachelor" kana kwamba hajawahi kuoa. Fomu ilihesabu ndoa za aina yake tu.

Kwa Waislamu angalia talaka. Mtu aliyeacha, eda ikaisha, kisha akamrudia mkewe, alihitaji ndoa mpya na mahari mapya. Cheti ulicho nacho huenda ni hicho cha kurudiana.

Tarehe ipo lakini haiingii akilini

Madaftari ya Kikatoliki ya zamani hufupisha miezi kwa Kilatini. *7bris* ni Septemba, *8bris* Oktoba, *9bris* Novemba, *10bris* Desemba. Ukisoma *7bris* kuwa mwezi wa saba umekosea miezi miwili, na utashangaa kwa nini harusi imefungwa kabla ya matangazo.

Kwenye hati za pwani na visiwani, tarehe ni ya Hijria, na hapa makosa huja matatu kwa mpigo. La kwanza ni tarakimu. Tano ya Kiarabu inafanana na sifuri ya Kizungu, sita inafanana na saba ya Kizungu, na sifuri ya Kiarabu ni nukta tu ambayo mtu huidhani ni uchafu wa wino. La pili ni mwezi. Mfunguo Tatu ni Dhulhija, mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa Kiislamu. Lakini hati ya Kiarabu ikiandika mwezi wa 3, hiyo ni Rabiul-awwal, ambao kwa hesabu yetu ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Hesabu ya mifunguo huanzia Shawwal baada ya Ramadhani, ya Kiarabu huanzia Muharram. La tatu ni mwaka. Mwaka 1350 wa Hijria ulianza Mei 1931, hivyo ndoa ya Rajabu 1350 ilikuwa mwishoni mwa 1931 lakini ya Mfunguo Mosi 1350 ilikuwa mwanzoni mwa 1932. Mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama kumi na moja kila mwaka wa jua, kwa hiyo mbinu ya kujumlisha namba ileile kila mara na kumaliza haifai kwa muda mrefu.

Hata ukibadilisha vizuri, jipe siku moja au mbili za kuyumba, kwa sababu mwandamo wa mwezi ulionekana huku na haukuonekana kule. Siku ya wiki ikiandikwa, iamini kuliko tarehe. Ila kumbuka siku huanza magharibi jua likizama: nikahi ya usiku wa Ijumaa baada ya Isha ilifungwa siku ambayo kalenda ya ukutani inaiita Alhamisi. Kalenda mbili za harusi moja zikitofautiana kwa siku moja kamili, sababu huwa hiyo.

Jina la bibi au babu si lake

Tuchukue mfano wa kutunga, ila maneno yake ni ya aina unayokutana nayo kila siku kwenye daftari la misheni:

*Die 16 9bris 1926, bannis praemissis, conjunxi in matrimonium Josephum filium Pauli et Agatham filiam defuncti Mhando, coram testibus Petro et Carolo.*

Yaani tarehe 16 Novemba 1926, baada ya matangazo, padre amewafungisha ndoa Yosefu mwana wa Paulo na Agata binti wa marehemu Mhando, mbele ya mashahidi Petro na Karoli. Nimeona watu wakiandika kwenye mti wa ukoo "Josephum Pauli" kama jina kamili la babu. Kilatini hugeuza mwisho wa jina kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Anayefungishwa ndoa huishia na *-um* au *-am*, mzazi mwenye mwana huishia na *-i* au *-ae*, na shahidi huishia na *-o* au *-a*. Kwa hiyo *Carolo*, *Caroli* na *Carolum* ni mtu mmoja, Karoli. Mhando hakugeuzwa kwa sababu Kilatini hakikujua la kumfanya, na hilo lenyewe ni habari: baba wa bibi harusi hakuwa na jina la ubatizo kwenye kumbukumbu hii, na neno *defuncti* linasema alikuwa ameshafariki kabla ya siku ile. Umepata mwisho wa maisha ya babu mzaa bibi kwenye cheti kisichomhusu.

Alipopita Mjerumani au Mfaransa, tatizo ni tahajia. Mjerumani aliandika *j* kwa sauti ya *y*, *sch* kwa *sh* na *dsch* kwa *j*: Dschuma ni Juma, Bagamojo ni Bagamoyo, Aruscha unaijua. Mfaransa aliandika *ou* kwa *u*, ndiyo maana Ukami ikawa Oukami. Mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule nao una mtego wake: *e* yake inafanana na *n*, na *u* hutofautishwa na *n* kwa kijipinde kilichochorwa juu yake. Jina lenye *n* tatu mfululizo lisome tena.

Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huficha zaidi. *O* na *u* ni moja, *e* na *i* ni moja, na tofauti ya "bin" na "binti" ni herufi moja yenye vitone viwili. Vitone vikifutika, shahidi mwanamume na dada wa bwana harusi hubadilishana nafasi.

Baki la tatizo la majina ni la nyumbani, si la karani. Bibi aliyezikwa kama Mama Rehema aliolewa kama Agata, alizaliwa kwa jina la nyanya yake, na mtaani alikuwa Binti Mhando. Andika majina yote manne, usichague.

Baba wa bibi harusi hayupo, au ni "Abdallah"

Safu tupu au kistari kwenye jina la baba husomwa haraka kuwa ni mtoto wa nje. Kwenye madaftari ya mwanzo ya misheni hiyo ni tafsiri ya mwisho kuifikiria. Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza 1868, na Freretown ya Mombasa iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1870, zilijaa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wametekwa utotoni. Mtoto wa miaka sita aliyetembezwa kutoka Nyasa hadi pwani hakuweza kumtajia padre jina la baba yake kwa namna ya kuandikika. Ukikuta kabila limeandikwa Mnyasa, Myao au Mmanyema, lichukue kama jina la njia aliyopitia mtu kuja pwani. Kijiji alikotoka huenda kiko mbali na hapo.

Kwa upande wa Waislamu, dalili yake ni "bin Abdallah" au "binti Abdallah". Wapo akina Abdallah wa kweli, tena wengi. Lakini jina hili pia hupewa aliyesilimu ambaye baba yake hakuwa Mwislamu, na lilipewa watumwa na walioachwa huru. Jaribu hivi: je, ndugu zake wanatajwa popote na Abdallah huyo? Je, Abdallah ana baba? Akina Abdallah halisi wa hati za pwani huwa na baba na babu na nisba, yaani jina la kabila au ukoo, mwishoni. Abdallah anayesimama peke yake, kizazi kimoja tu nyuma ya bibi, mtilie shaka.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwa walii, yaani anayemwoza bibi harusi. Ndoa ya Kiislamu inamtaja aliyeoza, na mpangilio wake unajulikana: baba, babu mzaa baba, ndugu wa kiume, mwana wa ndugu, ami na kuendelea. Ikiwa walii ni mtu wa nisba nyingine kabisa, Mbarwani au Mharthi kwa mfano, na bibi harusi hana nisba, kuna uwezekano mtu huyo au baba yake ndiye aliyemwacha huru, kwa kuwa kwenye madhehebu ya Shafi mwachaji huru huwa walii pale ambapo hakuna ndugu wa damu. Na ikiwa aliyeoza ni kadhi mwenyewe, maana yake hakupatikana walii karibu: amekufa, yuko safarini, si Mwislamu, au hajulikani. Tazama mwaka pia. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Cheti cha mwanamke aliyeolewa miaka michache baada ya hapo kisome ukijua hilo.

Ukishafika hapo, punguza kasi nyumbani. Kuna familia ambazo jambo hili halizungumzwi mezani, na mzee anayesema "sisi ni Washirazi, basi" huenda hajasahau kitu. Muulize nani alimwoza bibi, usimuulize bibi alikuwa nani.

Mahari hayaeleweki

Rupia kwenye cheti si kosa. Kenya ilitumia rupia mpaka 1920, ikapita florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Rupia moja ilihesabiwa shilingi mbili. Zanzibar iliendelea na rupia yake mpaka Januari 1936, na huko rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo rupia arobaini za Mombasa na arobaini za Unguja hazilingani. Tanganyika ya Mjerumani nayo ilikuwa na rupia yake, yenye heller mia. Ukikuta shilingi kwenye hati ya Unguja inayodai kuwa ya 1925, uliza kama ni nakala iliyoandikwa upya baadaye.

Hati nyingine huonyesha mahari mafungu mawili, lililotolewa na lililoahirishwa. Kiasi kikubwa kilichoahirishwa hudaiwa kwa talaka au kifo, hivyo kama kulikuwa na kesi ya mirathi kwa kadhi, jalada lake litakitaja tena. Hilo ni jalada la kutafuta.

Umri

Usihesabu mwaka wa kuzaliwa kutokana na umri wa cheti. Fomu za Kiingereza zilihitaji idhini ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 21, kwa hiyo 21 ni umri uliopendwa sana. "Full age" ni hiyohiyo bila namba. Miaka 25, 30 na 40 ni makadirio ya macho ya padre. Maelezo ya wazee kwamba alizaliwa wakati wa Majimaji, au njaa ya Mtunya kule Ugogo, yana uzito zaidi kuliko safu hiyo.

Mashahidi na neno la Kilatini usilolijua

Mashahidi huchukuliwa kuwa ndugu. Hapo ndipo zile kurasa za jirani ulizoomba zinapolipa. Petro na Karoli wakitokea kwenye ndoa nane kati ya kumi, ni makatekista, na hawakuambii chochote kuhusu ukoo. Jina linalotokea mara moja tu, siku ya ndoa yenu, ndilo la kufuatilia. Dole gumba badala ya saini lisikudanganye: bibi wa pwani aliyeweka dole kwenye fomu ya Kiingereza huenda alikuwa akisoma Kurani na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote.

Ukiona *dispensatio*, padre ameomba ruhusa ya kuondoa kizuizi, na kizuizi chenyewe ni habari. *Disparitatis cultus*: mmoja hakubatizwa. *Mixtae religionis*: mmoja ni Mkristo wa dhehebu jingine. *Affinitatis*: ukwe, kama vile kuoa dada wa marehemu mke au mjane wa kaka. *Consanguinitatis* ndiyo dhahabu, maana ni damu. Kwa hesabu ya kanisa kabla ya 1983, *in secundo gradu* ni watoto wa ndugu wawili, na *in tertio gradu* ni wajukuu wa ndugu wawili. Yaani bwana na bibi harusi wana mhenga mmoja, na mti wako unapaswa kukutana hapo.

Mahali hapako kwenye ramani

Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu. Kwa Kenya, Fort Hall ni Murang'a na Port Florence ni Kisumu. Zanguebar kwenye mihuri ya mapadre wa Kifaransa ilihusisha bara pia, hivyo usifunge safari ya Unguja kutafuta ndoa iliyofungwa Bagamoyo.

Daftari la ndoa limepotea

Kwa Wakatoliki bado kuna mlango. Amri ya *Ne Temere* ya 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza kila ndoa iandikwe pia pambizoni mwa ubatizo wa wahusika. Andikia parokia alikobatizwa bibi, si alikoolewa, na uombe hasa maneno ya pambizo, kwa sababu dondoo la kawaida la ubatizo linaweza kuyaacha. Mara nyingi utapata jina la mume, tarehe na parokia ya ndoa. Pambizo tupu lina maana kadhaa: ndoa ilifungwa kabla ya 1908, ilifungwa nje ya kanisa, au padre wa parokia ya pili hakutuma taarifa. Hapo hamia daftari la mazishi, ambako mjane au mgane aliyebaki mara nyingine hutajwa. Kwa Mwislamu tafuta hati ya talaka au jalada la mirathi kwa kadhi. Kwa kipindi cha Mjerumani na cha Mwingereza kuna Nyaraka za Taifa Upanga, Dar es Salaam, na kwa visiwani Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Nenda na majina yote manne ya bibi.